Msumeno wa Mpini Mrefu Uliokataa Kupanda Mti

Kwa Msimamizi,
Duka la Zana za Bustani na Misitu.

Dada Msimamizi,

YAH: MSUMENO ULIONIUZIA KUWA MREFU KUPITA KIASI UKIWA JUU YA MTI

Natumaini u mzima wa afya, wewe na wenzako wote, pamoja na yule mzee wa mlangoni aliyenisaidia kuunasua msumeno uliponasa kwenye pazia. Mimi ni yule fundi wa kukata matawi, mwenye kitambi na kofia ya kijani, niliyekuja na mke wangu Jumatatu. Wateja huniita Kindi. Jina hilo nilipewa nikiwa na kilo hamsini na nane, na sijaona sababu ya kulirudisha.

Kwa heshima zote, nalalamika juu ya msumeno wa mpini mrefu wenye injini ya petroli, kama ifuatavyo:

1. Ni mrefu mno. Jumanne nilipanda nao mti wa kwanza kati ya miti kumi na mmoja iliyoko uani mwa hospitali ambako nimepewa kazi. Nilipanda bila kamba, mke wangu alipokwenda kuomba maji kwa wauguzi. Nikakaa vizuri kwenye panda ya mti, nikawasha injini, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tawi ninalolitaka liko mbele ya pua yangu, ilhali mnyororo uko mita nne mbele, unakata tawi lisilo na kosa lolote. Wagonjwa wa wodi ya mifupa walitoka na magongo yao kutazama. Mmoja aliinua gongo kunielekeza pa kukanyaga. Nimewahi kushuka mitini kwa njia nyingi, nyingine za haraka sana, lakini hakuna iliyonitoa jasho kama hiyo.

2. Kijitabu cha maelezo hakikunionya. Kina kurasa sitini. Kinakataza kuutumia karibu na nyaya za umeme, kumwazima mlevi, na kusimama chini ya tawi unalolikata. Hakuna popote kinaposema usipande nao mtini. Inaelekea mwandishi wake hakuwaza kwamba duniani kuna mtu kama mimi, na huo ni upungufu wake, si wangu. Kuhusu kusimama chini ya tawi, mimi miaka yote nimesimama juu yake, na ni mara mbili tu nimelikata lile nililolikalia.

3. Wewe mwenyewe uliniamini, jambo ambalo hata mama yangu mzazi aliliacha zamani. Uliniuliza kwa upole: matawi yako juu kiasi gani, yana unene gani, kuna nyaya karibu, na nitaushika msumeno saa ngapi kwa siku. Nilikudanganya katika yote manne. Matawi niliyosema ni manene kama kiuno changu ni manene kama mkono wangu. Ukanishauri nichukue ule wa betri, mwepesi, mpini wake unarefushwa na kufupishwa, hauna kelele za kusumbua wagonjwa. Nikakujibu kwamba huo ni wa kukatia maua. Ndipo ukanipa huo mkubwa niushike mikono imenyooka huku ukihesabu hadi mia. Ulipofika arobaini na tano nilianza kutetemeka mpaka kofia ikaanguka, nikakwambia ndivyo nilivyo tangu utotoni. Msimamizi makini angenifukuza dukani. Wewe ukanifunga mkanda wa begani na kunitakia kazi njema!

4. Msumeno huu unamfukuza mke wangu kazini. Hapa naomba usome polepole. Kwa miaka ishirini na sita mimi hupanda na yeye hushika kamba chini. Miezi mitatu iliyopita tawi lilikatika nikiwa nimelikanyaga, nikaanguka, na yeye akaing'ang'ania kamba ile ikimpita viganjani. Mimi sikuvunjika hata ukucha. Yeye alikaa wiki tano hawezi kushika kijiko, nikawa namlisha mimi, vibaya. Viganja sasa vimepona, lakini amesema hatashika tena kamba ambayo mimi niko upande wa pili. Hakusema kwa hasira. Alisema akikunja nguo, na niliogopa kuliko nilivyoogopa nikiwa hewani. Ndiyo sababu akanileta dukani kwako. Sasa nauliza, mimi nikisimama chini na mashine, yeye atashika nini? Na mimi nitakuwa kindi wa namna gani, anayekaa chini na kuonyesha matawi kwa fimbo?

5. Kwa hiyo naomba mpini ukatwe, ubaki urefu wa mkono. Injini iondolewe. Mnyororo ubadilishwe, uwekwe upanga wenye meno. Mchoro nimeuambatanisha. Mke wangu aliuangalia akasema huo ni msumeno wa mkono, na kwamba ninao saba.

6. Ikiwa hilo haliwezekani, mwandikie mke wangu barua yenye muhuri kuthibitisha kwamba mimi ni mtu asiyeweza kusaidiwa na mashine yoyote, na kwamba kamba ni salama. Na ikishindikana hata hiyo, basi muache kabisa kuwauzia misumeno hii mafundi wenye wake.

Nakushukuru kwa uvumilivu. Nisalimie mzee wa mlangoni, yule anayenoa minyororo, na binti wa risiti aliyejizuia kucheka mpaka tukafika barabarani. Mke wangu angekusalimu mwenyewe, ila ametoka tangu asubuhi bila kuaga.

Ni mimi, nikiwa bado juu, angalau kwa maneno,

Kindi,
Fundi matawi.

N.B. Tafadhali usishughulikie lolote kati ya hayo. Nimerudi sasa hivi kutoka hospitali. Kumbe mke wangu alipita kwako asubuhi akaubadilisha ule mkubwa kwa ule wa betri, na maswali yako manne akayajibu kwa ukweli. Nimekuta miti mitano imeshapunguzwa, paa la wodi halikuguswa, wala hakuna mgonjwa aliyeamka. Hakunigombeza. Alinionyesha tu pa kusimama, nikasimama, nikawa namwangalizia matawi yanapoangukia. Mti mmoja tu, shingo ikaniuma nisiweze kuigeuza. Yeye ameinua shingo hivyo miaka ishirini na sita, na aliyekuwa akitazamwa huko juu ni mimi. Tuwekee msumeno wa pili kama huo wake. Kamba nimewapa wauguzi waanikie mashuka.