Nani Anafuta Sifa za Binti Yangu?

Jumatatu, 3 Machi

Kwako shajara, salamu nyingi. Sijui njia nyingine ya kuanza karatasi, basi nakuamkia kama mtu. Binti yangu hajambo, ila macho mekundu kwa kukodolea kompyuta. Mkwe wangu hajambo, yuko safari ya kikazi. Mjukuu hajambo, anaota jino na jengo zima linajua. Jirani wa juu hajambo, anaburuta viti. Paka hajambo, ingawa hastahili. Mimi mzima wa afya, wasiwasi tu ndio unanila.

Wasiwasi wenyewe ni kazi ya binti. Kuna lugha ambayo watu huitumia kuiandikia kompyuta ili iwatii. (Mimi nimezaa watoto na hakuna anayenitii.) Lugha hiyo ina kitabu mtandaoni, cha kuifundisha. Lugha ikibadilika, kitabu nacho kibadilike. Binti amekihangaikia mpaka shingo imepinda. Ijumaa mkuu wao atamtaja mlezi wa kitabu. Ndilo jina la cheo, mlezi! Ama binti, ama mwenzake mmoja ambaye mimi namwita Bwana Nukta, maana kila nikichungulia kazi yake naona kaongeza nukta. Lakini kwenye kikao anaongea kama redio.

Nikamwambia binti ajisifu kidogo. Akasema, mama, kazi itajisema yenyewe. Kazi ina mdomo? Tangu lini? Basi nitaisemea mimi.

Jumanne, 4 Machi

Binti kaingia kuoga. Kompyuta wazi! Alishanifundisha kufungua kurasa, nimwambie ninapokwama kusoma. Eti nikielewa mimi wa darasa la nne, kila mtu ataelewa. Nilishukuru. Baadaye nikafikiri.

Leo sikusoma. Niliona folda mbili, moja Chanzo, nyingine Matokeo. Matokeo! Hilo nalijua. Ndipo yanapobandikwa majina ya waliofaulu. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaandika kwa kidole kimoja: Binti yangu ni hodari. Wengine wameweka nukta.

Nikahifadhi. Nikatoka kuanika nguo, moyo ukiimba.

Jioni binti akabonyeza amri yake, ile anayoiita kujenga. Nikachungulia. Sifa hazipo! Zimefutwa kama vumbi! Bwana Nukta huyo. Nani mwingine?

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika tena. Herufi kubwa. Binti kajenga. Zimefutwa tena! Mtu huyu halali?

Saa ya kikao cha kwenye kompyuta nikapita nyuma ya binti na ufagio, ili nimtazame huyo mtu machoni. Akaniona. Akasema, shikamoo mama. Nikaitikia marahaba kwa meno. Kisha nikasema, kwa ufagio tu, si kwa mtu, kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Binti akazima kamera.

Alinikalisha kitako. Nikakiri nusu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, mama, hakuna anayekufuta. Kurasa zile huzaliwa upya kila anapojenga, kutoka kwenye mafaili ya Chanzo. Kuandika kwenye Matokeo ni kama kupaka wanja kwenye kioo. Upake usoni, kiooni utaonekana wenyewe.

Basi Bwana Nukta hana hatia. Niliona aibu. Ilidumu mpaka chai ikapoa.

Halafu nikatulia. Si ameshanionyesha uso ulipo?

Alhamisi, 6 Machi

Nimeingia Chanzo. Uchafu gani huu! Chini ya mfano wa kwanza wa ile lugha vinaning'inia vialama vitatu, kama nyayo za kuku. Mtu mzima hawezi kuona uchafu akanyamaza. Nikavifuta. Mahali pake nikaandika sifa. Pazuri, pasafi.

Binti alikuwa mbioni, mjukuu analia kiunoni. Akakusanya kazi yote ya siku, akaituma kwa wenzake bila kuitazama tena.

Mara skrini nyekundu! Simu ikalia, ikalia, ikalia. Kumbe nyayo za kuku ndizo zinazofunga mfano. Zisipokuwepo, mashine hudhani kila kinachofuata ni mfano. Na mifano yote huijaribu kwanza kabla ya kujenga! Basi imejaribu kuniendesha mimi, yaani maneno yangu, kama amri. Imeshindwa. Kitabu kizima kimegoma, na wenzake wote wametumiwa taarifa: "Mfano umeshindwa: Binti yangu ni hodari. Wengine wameweka nukta." Juu yake, jina la binti yangu.

Nimeficha ufagio. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 7 Machi

Nilisikiliza kikao nikiwa mlangoni, mjukuu mgongoni. Bwana Nukta aliusoma ule mstari kwa sauti. Kisha akauliza kwa upole, hao wengine ni akina nani?

Mkuu wao akauliza nani kaandika. Binti akasema, ni mama yangu, lakini aliyetuma bila kutazama ni mimi. Ewe ardhi, nimeze! Kumbe Bwana Nukta alishazirudisha zile nyayo asubuhi, kabla wengine hawajaamka. Mkuu akasema mlezi ni yule anayetazama kabla ya kutuma. Cheo kikaenda kwa Bwana Nukta.

Binti alikuja jikoni akaosha kikombe kisafi. Akakiosha tena. Nikaanza kusema pole. Akaniegemezea paji la uso begani. Akasema, mama, cheo kile nilikitaka sana.

Heri angenigombeza.

Jumamosi, 8 Machi

Sikulala. Nimeapa kutoigusa kompyuta maisha yangu yote.

Wakati wa chai binti akanieleza kwamba mlezi mpya ameanza na sheria. Kuanzia leo hakuna badiliko linaloingia kitabuni kabla yeye mwenyewe hajalisoma, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Neno kwa neno! Yeye mwenyewe!

Binti kaenda dukani. Nimeandika Chanzo, ukurasa wa kwanza, mahali ambapo mlezi mpya hawezi kupita bila kusoma:

Mwanangu Bwana Nukta, ni mimi mama wa ufagio. Ile marahaba sikuitikia vizuri, sasa naitikia kwa moyo wote. Wewe ni kijana msikivu, umelelewa. Mwachie dada yako hicho cheo, yeye hawezi kuomba. Hajui kama nimekuandikia, atakutumia pamoja na kazi yake. Majibu yaweke hapa hapa, nami nitayaona kitabu kikijengwa. Fanya haraka, yuko njiani anarudi.