Sauti ya Baba Ndani ya Diski

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Kongowe, Kibaha.
Laptopu inalia tik, tik, tik. Kama kuku anayedonoa sufuria. Mke wangu Consolata anasema diski inakufa, nimwite Tito. Tito ni mdogo wake, fundi kompyuta pale Maili Moja. Sitaki! Mwaka jana alinitengenezea printa dukani, na hadi leo wateja wananiuliza yule fundi mpole yuko wapi. Dukani kwangu! Nitabadilisha diski mwenyewe.

Tena kabla ya Jumamosi. Siku hiyo tuna misa ya kumkumbuka baba, Mwalimu Michael, kwao Vihingo, Kisarawe. Miaka saba sasa. Nimemwahidi dada Matilda kwamba watu wataisikia sauti yake. Imo humu, na haipo pengine popote. Nilimrekodi 2013, amekaa barazani anamenya chungwa, anaita orodha ya darasa lake la saba la mwaka 1974. Kwa kichwa! Majina arobaini na mawili, bila karatasi.

Jumanne, 9 Septemba.
Nimekwenda Maili Moja kununua diski. Nikapita uchochoroni ili Tito asinione. Muuzaji, dada mmoja aitwaye Zubeda, akauliza ni ya laptopu au ya kompyuta ya mezani. Nikamwambia kazi hii naijua, anipe kubwa. Kubwa ndiyo inayobeba vingi, au sivyo?

Nyumbani nikafungua mgongo wa laptopu. Diski niliyonunua ni nene kama tofali. Nafasi yake ni ya kipande cha mkate. Nikasukuma. Nikajaribu kwa ubavu. Consolata akapita, akauliza namzika nani. Nikaendelea kusukuma.

Jumatano, 10 Septemba.
Nimerudi kwa Zubeda. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Amenibadilishia: ndogo, nyembamba, ya kisasa, haina kinachozunguka ndani. Akaniongezea waya wa kuichomeka kwa nje, ninakili kwanza kila kitu, ndipo niifunge. Akasema nikikwama, Tito yuko mlango wa tatu. Hata huyu!

Jioni nimekaa nayo mkononi. Nyepesi kama kibiriti. Nikamkumbuka baba na madaftari ya darasa zima nyuma ya baiskeli, yamefungwa kwa mpira, amevua koti ayafunike yasilowe. Yeye mwenyewe analowa. Alisahihisha kwa wino mwekundu, na alama yake ya vema aliivuta ndefu kama mkia wa tiara. Mimi niliipata mara mbili tu. Zote nazikumbuka.

Alhamisi, 11 Septemba.
Maafa.

Programu ya kunakili iliniuliza diski ipi itoe, ipi ipokee. Nikafikiri sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Basi mgeni atoe, mwenyeji mgonjwa apokee. Ikanionya kwamba vilivyomo kwenye diski inayopokea vitafutwa vyote. Maonyo haya huandikiwa wasio na utaalamu. Nikabonyeza NDIYO.

Ilipofika asilimia tisa ndipo nikaelewa. Nilikuwa namimina utupu juu ya baba! Nikachomoa waya. Nikachomoa betri. Nikachomoa na friji.

Nimekaa sakafuni. Nikajaribu kuisikia sauti yake kichwani, anavyoniita Deogratias, jina zima, hata nikiwa mbele yake. Ikaja. Ikafifia. Nimelia. Consolata alichukua simu, na nikajua anampigia nani.

Ijumaa, 12 Septemba.
Tito amekuja, kaniamkia kwa adabu zake zile zile. Nikamwambia umeme ulikatika katikati ya kazi. Akaangalia kompyuta, akasema taratibu, “Shemeji, umeme haubonyezi NDIYO.”

Akaichukua diski ya zamani, hakuniruhusu hata kuigusa. Toka asubuhi hadi alasiri, hakula. Picha nyingi zimekwenda. Sauti ya baba ameokoa kipande tu, dakika moja na kitu. Kisha akaifunga diski mpya: skrubu nne, dakika kumi. Nilimshikia bisibisi. Nikamshauri mara mbili. Akaniomba nikamchemshie chai.

Jumamosi, 13 Septemba. Vihingo.
Baada ya misa tulikaa uwanjani kwa Matilda. Wanafunzi wa zamani walikuja, waliokuwa misani na waliotoka mashambani. Nikawatangazia kwamba kwa jitihada zangu nimeiokoa sauti ya mwalimu. Tito akawa anatazama mikorosho.

Nikabonyeza. Kisu kwenye chungwa. Kisha baba, yule yule: “Hashiru Badru!”

Mzee mmoja wa kanzu, kule nyuma, akasimama wima kwa fimbo yake. “Nipo, mwalimu!”

Watu wakacheka. “Hajra Said!” Bibi mmoja akaweka sahani chini. “Nipo!” Sasa hakuna aliyecheka.

“Abdulaziz Mfaume!” Kimya. Mzee Hashiru akamjibu kwa upole, kama anaongea na mtu aliye mbele yake: “Huyo ametangulia, mwalimu.”

Jina la kumi na moja likakatika katikati. Sauti ikaisha. Sikujua niweke wapi uso. Ndipo Mzee Hashiru akaendeleza yeye: la kumi na moja, la kumi na mbili. Bibi Hajra akamsahihisha. Wakabishana nani alikaa dirishani na nani alichapwa kwa kuiba mihogo ya shule. Wakafika arobaini na mbili. Matilda anaandika, analia, anaandika.

Nikamgeukia Tito. Naye alikuwa anajifuta macho. Nikamshukuru. Kwa sauti ya chini, asije akazoea.

Jumatatu, 15 Septemba. Kongowe.
Tito ameniwekea sauti ya baba mahali patatu, na ameniomba jambo moja: vitu vya marehemu nisivifungue tena bila yeye. Nimekubali kwa moyo wote.

Matilda amenipa redio ya baba. Haijatoa sauti tangu alipofariki. Tito aliomba aichukue akaiangalie. Nimemwambia nimeisahau Vihingo. Nimeshaifungua. Kazi nyepesi mno! Nimekata waya mmoja tu, ule ulioonekana hauna kazi.