Babu Heinrich Ananukia Kahawa

Jumatatu, 20 Juni 1983

Nimemposa Leona, mpiga kinanda wa kanisa letu. Amekataa. Na sababu ya kukataa nimeitengeneza mimi mwenyewe!

Tulikuwa jikoni mwa ukumbi wa kanisa, yeye akimenya viazi, mimi nikimsaidia kwa kumtazama. Jana alitangaza kwamba tarehe tano Julai, siku mbili baada ya sherehe ya ukoo, anahamia Oregon kwa dada yake. Anahamia moja kwa moja! Nikaona kimya changu kimetosha. Nikamwambia mimi ni mgane mwenye meno yote isipokuwa manne, nyumba isiyovuja, na sifa njema ya miaka thelathini ya kuuza chakula cha nguruwe Missouri nzima. Akaweka kisu chini. Kwa dakika nzima nilikuwa na matumaini. Kisha akatazama ukutani, akasema kwa upole kwamba haiwezekani, binamu Alvin, sisi ni damu moja, ubao umesema.

Ubao! Mungu anisamehe. Ubao ule niliuchora mimi.

Nijieleze, ingawa hakuna anayesoma humu. Mji wetu una akina Ellerkamp wa aina mbili, sisi wa Kilimani na wao wa Mtoni. Mke wangu Gerda alipofariki, Kilimani tulibaki wawili: mimi na Shangazi Hulda, mwenye miaka tisini na tatu na ulimi wa miaka ishirini. Mtoni wako sitini na kitu, Leona akiwa mmoja wao. Wana bendi. Wana soseji. Jumapili moja, miaka kumi na moja iliyopita, nilikuwa nakula peke yangu huku nikisikia kicheko chao kikipanda kutoka mtoni, na upweke ukanizidi. Nikachukua ubao wa mwaloni na brashi, nikachora mti wa ukoo. Babu Heinrich wetu na Babu Wilhelm wao, watu waliokuja Amerika kwa meli mbili tofauti, nikawafanya ndugu wa tumbo moja. Nikasema nimeukuta darini, na Mtoni walilia machozi. Wakanikumbatia, wakanipa sahani. Tangu siku hiyo mimi ni binamu.

Kesho nautoa ule ubao.

Jumanne, 21 Juni

Nimekwenda na ngazi na bisibisi. Mpango: kuushusha kwa kisingizio cha usafi, kisha upotee. Skrubu tatu zimetoka vizuri. Ya nne imekataa. Nikiwa juu, nimening'inia kwa mkono mmoja, nani anaingia? Norbert Tiemeyer!

Norbert ana duka la misumari, anapiga tarumbeta kubwa kwenye bendi, na anatunza madaftari ya kale ya kanisa. Pia anamtaka Leona. Kila mtu anajua, hata tarumbeta lake. Kwa miaka kumi na moja ameuita ubao wangu takataka. Leo ameuegemea kama mtoto wake. Akasema ni hazina ya mji, haukosei hata nukta, na aliyeuchora ni msomi. Nikamwuliza tangu lini. Akajibu, huku akijikuna kidevu, kwamba mtu hukua.

Basi akaenda kumwita Mchungaji. Mchungaji akaona ngazi, akaona mimi, akaguswa sana. Akasema ni wachache wanaojitolea hivi. Nimekabidhiwa kopo la rangi ya dhahabu. Natakiwa niupake ubao wote upya kabla ya sherehe.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na kopo la rangi.

Alhamisi, 23 Juni

Nimepaka dhahabu uongo wangu mwenyewe kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane. Unang'aa. Unaonekana hata kutoka barabarani.

Norbert amekuja kusimamia, mdomo umejaa keki ya tufaha. Akaniambia nikoleze pale panaposema "ndugu". Kisha akataja, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba keki ni ya Leona, na kwamba jana alimtengenezea bomba la jikoni. Anafikiri Leona anaweza kuahirisha Oregon kama akipata sababu ya kubaki. Sababu isiyo ya ukoo, akasema, na akanikonyeza!

Nimemwuliza Leona jioni kama ni kweli kuhusu bomba. Akasema bomba linavuja zaidi sasa. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 25 Juni

Nimepata! Barua!

Babu Heinrich mwenyewe ataandika, mwaka 1851, kwamba Wilhelm si ndugu yake, wala hamjui, wala hampendi. Nimeiandika kwa kalamu ya wino na Kijerumani changu cha shule ya Jumapili. Ili karatasi izeeke nimeiloweka kwenye kahawa, kisha nikaianika ndani ya oveni. Ya kwanza imeungua. Ya pili imeungua, pamoja na kitambaa cha Gerda cha kushikia sufuria. Ya tatu imetoka rangi safi kabisa, rangi ya mkate uliookwa na mtu makini.

Nimeisoma mara nne. Mstari wa mwisho umenitoa machozi: "Wajukuu wetu waoane kwa amani." Huyu babu alikuwa na moyo.

Jumapili, 26 Juni

Ee Mungu wangu.

Baada ya ibada, watu wakinywa kahawa, nilisimama na kusema nimekuta barua nyuma ya droo. Norbert akataka kuishika. Nikasema hapana, ni dhaifu, apewe Shangazi Hulda, ndiye pekee anayesoma mwandiko wa kale. Nilidhani haoni vizuri.

Shangazi akaisogeza kwenye macho. Halafu puani. Akavuta pumzi. Akauliza kwa sauti ya kufika hadi makaburini, kwa nini babu yake ananukia kahawa. Wasemao ya kale hayanuki, akasema, wanuse hii! Watu wakacheka. Ningeweza kuvumilia hapo. Lakini akaongeza kwamba Babu Heinrich hakujua kuandika hata jina lake. Cheti chake cha ardhi alikitia msalaba, na hata huo msalaba ulikwenda upande.

Norbert alicheka hadi akamwaga kikombe. Leona hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali. Alinitazama tu, akapanda ngazi kwenda kwenye kinanda chake, akapiga wimbo mrefu wakati ibada ilishakwisha. Nimeona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio.

Jumatatu, 27 Juni

Shangazi ameniita. Nilikwenda tayari kutukanwa na sikukosa. Wee Alvin, akasema, njia ya mwongo ni fupi, lakini wewe hata huivalii viatu. Akaniuliza nilikuwa natafuta nini. Nikamweleza yote. Akafuma soksi mistari miwili.

Kisha akasema jambo ambalo bado linanizungusha kichwa.

Kule kijijini kwa mababu, akasema, jina halikuwa la mtu, lilikuwa la shamba. Mwanamume akioa binti mwenye shamba, jina la baba yake aliliacha mlangoni pamoja na viatu vya tope, akaitwa kwa jina la shamba. Huyo Babu Wilhelm wa Mtoni hakuzaliwa Ellerkamp. Alimwoa binti wa shamba la Ellerkamp, binti akafa majira ya baridi ya kwanza bila mtoto, yeye akabaki na shamba na jina. Akaoa mwingine kutoka mbali. Watoto wa huyo wa pili ndio aliokuja nao Mtoni. Jina wanalo. Damu hawana hata tone! Ellerkamp wa damu, akasema Shangazi, ni mimi na wewe tu, na mimi sina mpango wa kuzaa.

Nikamwuliza Wilhelm alizaliwa nani. Akavuta uzi.

Tiemeyer, akasema. Kaka wa babu mkubwa wa huyo wa misumari.

Norbert! Binamu wa Leona ni Norbert! Nimembusu Shangazi kwenye paji la uso. Nikamlaumu kwa nini hakusema miaka yote hii. Akajibu kwamba nilimjia na rangi, nikamjia na barua, sijawahi kumjia na swali.

Jumanne, 28 Juni

Ushahidi uko kwenye daftari la ndoa la kijiji cha kale. Nakala yake ilitumwa kutoka Ujerumani na iko kanisani. Nimemwomba Norbert. Amesema imepelekwa St. Louis kushonwa jalada. Nimemwuliza lini. Akasema zamani. Nikamwuliza itarudi lini. Akasema baadaye. Masikio yake yalikuwa mekundu kama figili.

Anajua! Amejua muda wote! Binadamu anawezaje kuficha ukweli wa ukoo kwa ajili ya mwanamke? Nimeshangazwa sana na tabia hii.

Alhamisi, 30 Juni

Kabati la madaftari liko juu, kando ya kinanda, na ufunguo mwingine anao Leona. Nimemwomba, nikasema nataka kuchagua wimbo wa sherehe. Mimi siimbi. Leona anajua siimbi. Amenipa ufunguo bila kuuliza, akasema tu nisiharakishe, nisome vizuri.

Daftari liko pale pale! St. Louis gani! Na bahati ya ajabu: utepe wa buluu ulikuwa tayari umewekwa kwenye ukurasa ule ule ninaoutaka. Mwaka 1838, Wilhelm Tiemeyer, "sasa Ellerkamp". Kanisa hili lina tepe za buluu kwenye vitabu vya kinanda tu, kwa hiyo sielewi huu ulifikaje huku. Lakini siulizi. Farasi wa kupewa hahesabiwi meno.

Sasa kuna jambo linanisumbua. Nikiusoma ukurasa ule hadharani, nampata Leona labda. Lakini wale sitini nawapoteza hakika. Sahani yangu, kiti changu karibu na bendi, watoto wanaoniita mjomba Alvin. Nimekaa juu kule hadi kengele ya mchana.

Jumapili, 3 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Watu sitini na nane, soseji zinachomwa, saladi ya viazi kwenye beseni, ubao unang'aa kupita kiasi. Nimesimama na daftari. Nikafungua mdomo, na tarumbeta la Norbert likalia. Nikangoja. Nikafungua tena. Likalia! Mara ya tatu Leona alikwenda, akachomeka beseni tupu la viazi kwenye mdomo wa tarumbeta, akarudi kuketi.

Nikasoma. Nikasoma tena lile jina, polepole. Watu wakageuka kumtazama Norbert. Mtu akapaza sauti: karibu nyumbani, binamu Norbert! Norbert akaketi juu ya keki.

Ndipo Mchungaji akauliza swali ambalo sikuliandalia. Basi huu ubao, akasema, nani alituambia hawa ni ndugu?

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na mawili. Moja lilimhusu fundi aliyekwisha kufa. Lakini Leona alikuwa ananitazama kama alivyonitazama siku ya barua, na ulimi wangu ukakataa kazi yake ya siku zote. Nikasema, mimi. Niliuchora mimi. Gerda alikuwa amekufa na nyumba ilikuwa kimya, na nyinyi mlikuwa mnacheka. Na soseji pia, nikasema.

Nikashuka, nikachukua kofia. Kweli nilikuwa naondoka. Otto mchoma soseji, mkubwa wao, akanizuia na koleo. Akauliza kama nimesoma ule ukurasa ili nimwoe Leona. Nikasema ndiyo. Akamgeukia Leona, akamwuliza unamtaka? Leona akasema anafikiria. Basi, akasema Otto, kama si binamu atakuwa shemeji, kaa chini ule, zinapoa.

Nimelia mbele ya watu. Sijali.

Baadaye, tukikunja vitambaa, Leona amesema utepe wa buluu ni wake. Aliuweka pale miaka tisa iliyopita. Miaka tisa! Alikuwa anajua ubao ni uongo. Nikamwuliza kwa nini basi alinikatalia kwa ajili ya ubao. Akasema mwanamume anayeweza kukwambia uongo wa rangi ya mafuta huwezi kuolewa naye mpaka aseme ukweli mmoja kwa mdomo wake, na yeye alikuwa amechoka kungoja, ndiyo maana ya Oregon. Ameshamwandikia dada yake kwamba haji. Akasema harusi iwe Oktoba, na kwamba hata vitambaa vyake vya meza havina haja ya kutariziwa herufi mpya.

Sharti moja: nisizue tena jambo lolote kuhusu ukoo. Nimeapa, mkono juu ya daftari la kanisa. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 4 Julai

Nina furaha kuliko mtu yeyote Missouri. Nimebadilika kabisa.

Tatizo dogo tu. Mchungaji amesema Jumamosi zote za Oktoba ukumbi umeshachukuliwa, na kwamba hutoa nafasi ya kwanza kwa familia zilizoanzisha kanisa hili mwaka 1844. Sisi Ellerkamp wa Kilimani tulifika 1847. Miaka mitatu! Ni nani anahesabu miaka mitatu? Meli huchelewa. Na hili si jambo la ukoo hasa, ni jambo la usafiri. Leona hakusema chochote kuhusu usafiri.

Orodha ya abiria wa meli ya 1844 imeshakauka, iko hapa kando yangu, na majina yametoka vizuri. Shangazi hataona kosa lolote. Safari hii nimetumia chai. Mtu hujifunza.