Jinsi Mwezi wa Sorvane Ulivyopata Theluji

Alhamisi, 2 Novemba

Siku ya kihistoria! Gurdip Sahota, mwenyekiti wa klabu yetu (dereva wa tramu, na hata akiomba biskuti ungedhani anatangaza kituo), alisimama baada ya chai na kusema wiki ijayo tunapiga kura. Kampeni ya majira ya baridi! Kila Alhamisi hadi Machi, vita baada ya vita, klabu nzima ikipigana kwa askari wadogo na dadu kwenye dunia moja ya kubuni. Anayeshinda pigano anachukua kipande cha ramani. Swali ni dunia ya nani.

Yangu, bila shaka. Sorvane! Mwezi wa jangwa jekundu, majua mawili, mchanga unaomeza vifaru. Nimeuandika kwa miaka tisa. Kurasa mia mbili na kumi na nne, zenye nasaba za majenerali wote na bei ya maji katika kila bonde. Hakuna aliyewahi kuusoma. Mke wangu Lorraine alianza mwaka juzi, akafika ukurasa wa nne, akakumbuka ana nguo kwenye mashine. Sitaki kufa huku Sorvane umekaa kwenye droo. Nasema kweli.

Nikanyoosha mkono. Gurdip akaandika: Neville Stubbins, Sorvane. Nikadhani yamekwisha. Ndipo Glenys Tansley naye akanyoosha mkono, polepole, kama mtu anayeomba apitishiwe sukari. Glenys! Mstaafu, miaka arobaini alitengeneza meno ya bandia, na anaweza kumaliza mwezi klabuni bila kutoa neno. Akasema ana kamji kake tu. Kamji!

Gurdip akakumbusha sheria. Mwenye pendekezo alete kikosi kamili, na plastiki isiyopakwa rangi haikanyagi meza. Alinitazama mimi aliposema hivyo. Wote walinitazama. Nina askari sitini. Waliopakwa rangi ni kumi na wanne.

Ijumaa, 3 Novemba

Mpango wa kwanza: upelelezi. Nilipotoka dukani (kuuza mazulia, kama kawaida, mama mmoja alitaka rangi ya krimu isiyo krimu) nikaenda kwa Glenys. Kisingizio: kuazima brashi nyembamba. Shabaha: kuuona huo mji, kugundua kasoro zake, kisha kuzitaja klabuni kwa sauti ya masikitiko.

Alinifungulia mlango kwa furaha mpaka nikaona haya kidogo. Akanipeleka chumba cha nyuma, akaniambia nipige magoti. Nikauliza kwa nini. Akasema mji hautazamwi toka juu, "kwani wewe njiwa, Neville?" Nikapiga magoti, jicho usawa wa meza. Akabonyeza swichi.

Sijui niandike nini. Minara. Madaraja juu ya madaraja. Mji mzima wa mwezini, umejengwa kwa jasi ya kutengenezea meno na vifuniko vya dawa ya meno, madirisha ya filamu za eksirei, na nyuma ya kila dirisha taa ndogo kuliko punje ya mchele. Katika dirisha moja kuna mtu amekaa peke yake anakula. Kuna mtu kamwekea sahani! Barabara zinakwenda mbali mno kwa meza ya futi sita. Nilisahau nimekuja kufanya nini. Nilisahau hata kwamba nina magoti, mpaka yaliponikumbusha.

Halafu askari wake. Mia moja na kumi na wawili. Alinipa kioo cha kukuza. Wana meno! Kila mmoja ana meno yake mwenyewe! Glenys akasema, huku ameinamisha macho, kwamba vinywa ndivyo alivyovizoea. Kapteni wao anatabasamu na ana pengo mbele. Ni marehemu mumewe, Ron, kama alivyokuwa siku ya harusi yao.

Nimerudi nyumbani na brashi, keki ya tangawizi, na kasoro sifuri. Lorraine aliuliza mji ukoje. Nikasema ni kamji tu.

Jumamosi, 4 Novemba

Arobaini na sita kwa siku moja! Nimewapanga juu ya meza ya jikoni na kupita na brashi kama mtu anayepaka ukuta. Nyekundu, kahawia, nyekundu. Nyuso sikushughulika nazo. Nimezipaka zote rangi ya kofia. Jangwani kuna vumbi, askari mwenye akili hujifunika.

Lorraine akasema jikoni pananuka kama gereji, na kwamba kuna askari kwenye siagi. Kweli alikuwepo. Bado vanishi tu, ya kuwakinga na vidole vya watu. Ushindi uko mlangoni.

Jumapili, 5 Novemba

Mkosi! Mkosi! Mkosi!

Kopo la vanishi limeandikwa lisipulizwe wakati wa unyevu. Huku Nottingham, mwezi wa Novemba! Sasa lipulizwe lini? Nilisema hayo ni maneno ya watu waoga. Saa tatu asubuhi, ukungu umetanda, kuta za banda la bustanini zinatoka jasho, nikawapulizia wote sitini na kwenda kunywa chai.

Kurudi: weupe. Vanishi imelewa unyevu na kuganda juu yao kama chokaa. Jeshi langu jekundu limezimika. Lorraine akachungulia, akasema wanafanana na keki zilizonyunyiziwa sukari. Akaona uso wangu, akaondoka bila kuendelea. Nilikaa juu ya mashine ya kukatia nyasi na kulia. Naandika kwa sababu daftari hili ni langu. Watoto wa jirani walishaanza kulipua fataki za sikukuu ya leo, na kila mlipuko niliuona wa kunizomea.

Halafu ukungu ukapasuka na jua likaingia dirishani.

Mungu wangu. Waling'aa. Theluji ilikuwa imewakaa mabegani, kwenye mitutu ya bunduki, kwenye mikunjo ya makoti, mahali pale pale ambapo theluji ya kweli ingekaa. Sikuwa natazama plastiki tena. Nilikuwa natazama watu waliotembea mwezi mzima kwenye barafu, na bado wanatembea. Nilishusha pumzi polepole nisiwasumbue.

Sorvane si jangwa. Haujawahi kuwa jangwa. Nimekosea miaka tisa!

Jumanne, 7 Novemba

Nasahihisha kurasa mia mbili na kumi na nne kwa mkono. Mchanga nakata, theluji naandika. Jua moja nimelifuta. Ngamia wa chuma wamekuwa dubu wa chuma. Kazi ilikwenda vizuri mpaka Lorraine alipopita na kikapu cha nguo na kuuliza watu wanauzianaje maji kila bonde wakati wamesimama juu ya barafu. Ukurasa wa nne! Aliukumbuka!

Vita vyote vilikuwa vya kugombea maji. Sasa sijui wanapigania nini. Nimeandika "heshima".

Alhamisi, 9 Novemba

Glenys alileta mitaa miwili tu ya mji wake, na mitaa miwili ilitosha. Gurdip alizima taa za ukumbi. Watu wazima kumi na watatu tulipiga magoti kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa na hakuna aliyekohoa. Nikajua nimekwisha.

Zamu yangu. Nikafungua sanduku, nikawapanga, nikawasha taa ya meza. Kisha Gurdip, ambaye tangu tujuane hajawahi kusifu chochote changu, hata chai, alimchukua askari mmoja kwa vidole viwili kama yai. Akasema, "Neville, kaka, hii theluji umeifanyaje?"

Nilikusudia kusema ukweli. Nilikuwa nao kabisa, uko kwenye ulimi. Nikausikia mdomo wangu ukisema ni dawa ya kuchanganya mwenyewe, chumvi maalumu, majaribio ya miezi mitatu. Nikaongeza kwamba nilikaribia kukata tamaa. Walipiga makofi!

Kura: saba kwa sita. Sorvane! Miaka tisa kwenye droo na sasa watu watapigana huko kila Alhamisi hadi Machi. Nilisimama pale nikiitikia kwa kichwa kama mfalme.

Ndipo Glenys akaja na sanduku lake. Askari wote mia moja na kumi na wawili. Akaniwekea mikononi, akasema kwa kuwa tunakwenda kwenye baridi, niwapake na wao theluji ile ile, kabla ya ufunguzi tarehe ishirini na tatu. Anajua watakuwa salama kwangu. Nikasema kwa moyo mkunjufu, mama, bila wasiwasi.

Ijumaa, 10 Novemba

Hali ya hewa imegeuka. Anga jeupe, hewa kavu, nguo za Lorraine zimekauka nje! Nimempulizia askari wangu mmoja wa majaribio. Ametoka safi, anameremeta kama ametoka dukani. Makosa yangu hayataki kurudi.

Jumapili, 12 Novemba

Majaribio. Mvuke wa birika: askari ameinama mbele na hainuki tena. Bafuni na maji ya moto yakibubujika: upande mmoja theluji nzuri ajabu, upande wa pili rangi imechuruzika hadi viatuni. Ndani ya friji: hakuna kitu, ila Lorraine amenikataza kugusa friji.

Nimefikiria kusema sanduku limeibiwa. Nimefikiria kusema nimepata mzio wa vanishi. Nimefikiria kuhamia Wales.

Mwisho nikasema liwalo na liwe, huenda njia ya bafuni itakubali kwa mmoja tu. Nikafungua sanduku la Glenys, mkono ukatoa kapteni. Nikamsimamisha ukingoni mwa beseni. Nikatikisa kopo. Anatabasamu. Lorraine akaingia kuchukua taulo, akainama kumtazama, akasema, "Jamani, huyu si Ron Tansley? Pengo lake lile!" Akatazama kopo. Akatazama beseni. Akasema, "Neville," akatoka na taulo. Ningeona afadhali anigombeze.

Kopo nimeliweka chini. Ikitokea rangi ikachuruzika kwenye uso ule, hakuna dunia ya kubuni nitakayoweza kukimbilia.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimekwenda. Nilijipangia hotuba juu ya chumvi maalumu kuadimika kote Ulaya. Glenys alifungua mlango, akaona sanduku, na hotuba ikayeyuka. Nikasema yote palepale kwenye zulia la mlangoni (zuri, sufi halisi). Ukungu. Banda. Kopo. Hakuna dawa, hakuna miezi mitatu, nilikuwa nakunywa chai.

Akasema anajua.

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu nilipofungua sanduku langu Alhamisi. Miaka arobaini ya kupaka vanishi kwenye meno katika mji huu, yeye asiijue vanishi iliyoingiwa na unyevu? "Mwanangu, nimeharibu meno mengi kwa namna hiyo kabla hujajua kufunga kamba za viatu." Nikauliza basi kwa nini hakusema. Akasema taa yangu ilipowaka aliona barafu, akaona mji wake umepata mahali pa kusimama. Kura ya saba ilikuwa yake.

Kura yake! Aliuangusha mji wake mwenyewe kwa ajili ya mwezi wangu. Nikauliza kwa nini basi alinipa sanduku, na Ron ndani. Akawa anahesabu askari wake huku ananijibu. Alitaka kuona nitalirudisha kabla au baada ya kuwaharibu.

Nikasema kabla, Glenys. Nimelirudisha kabla. Akasema ameona, niingie ndani, keki ipo. Hatamwambia mtu. Mji wake wote utahamia Sorvane, na theluji atawapaka askari wake mwenyewe, kwa unga wa jasi, nukta moja moja. Nimerudi nyumbani nikiwa mtu mpya. Nimemwambia Lorraine mimi ni mtu mpya. Akasema sawa, basi mtu mpya atoe mapipa ya taka.

Alhamisi, 23 Novemba

Ufunguzi. Nitauandika taratibu, nisisahau hata kidogo.

Meza tano zimeunganishwa. Juu yake Sorvane, mwezi wangu, mweupe toka pembe hadi pembe, na katikati mji wa Glenys umewashwa, kila dirisha. Gurdip akazima taa. Tukapiga magoti wote. Nikaona jeshi langu likishuka kutoka milimani kuelekea ile minara, na pale langoni Ron anawasubiri, nukta za theluji kwenye nyusi, anatabasamu kwa pengo lake. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Kilichokuwa kichwani mwangu miaka tisa kilikuwa kidogo kuliko hiki. Gurdip alisahau kurusha dadu. Lorraine, aliyekuja kunichukua tu kwa gari, alipiga magoti na koti lake la mvua, akaniuliza kwa sauti ndogo kama wale dubu wa chuma wapo. Wapo!

Wakati wa mapumziko Glenys alikwenda jikoni kumimina chai. Mgeni mmoja kutoka klabu ya mji wa Derby, mrefu, mwenye daftari, akanisogelea. Alikuwa na machozi machoni. Akauliza nani kaujenga mji ule.

Nilifungua mdomo kusema ni Glenys Tansley, yule pale mwenye birika. Niliufungua kwa nia hiyo hiyo.

Nikasema ni mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akauliza madirisha nimeyafanyaje. Nikasema ni siri ya ukoo. Ananialika Derby, Jumamosi tarehe kumi Februari, kuwafundisha watu arobaini jinsi ya kujenga mji kama ule kuanzia mwanzo hadi taa. Nimekubali. Glenys akaja na chai yangu, sukari mbili kama ninavyopenda, akauliza yule bwana alikuwa anataka nini. Nikamwambia alikuwa anaulizia choo.

Nimehesabu kwenye kalenda. Wiki kumi na moja. Kujifunza kujenga mji mmoja kwa wiki kumi na moja, hata mtu mvivu anaweza.