Lori la Papa Kambale Linakohoa

Jumatatu, 2 Juni

Nimemwomba Wivine tuoane. Hajakataa kabisa! Anasema ataolewa na mwanamume anayejua kusema, na mimi, karani wa depo ya sukari ya baba yake, nasema kama bordereau, ile karatasi ya orodha ya mizigo. Tatizo ni Gauthier, mwalimu mwenzake wa fasihi. Naye ameomba. Wivine atatoa jibu Jumapili baada ya ibada. Nimeazima kitabu cha istilahi za fasihi.

Jumanne, 3 Juni

Rahisi mno. Wivine ni mtamu kama sukari: tashibiha. Futa "kama". Wivine ni sukari: sitiari. Na kuna watu wanalipwa mshahara kufundisha hilo! Nilimjaribia Wivine zote mbili. Akasema zote alishazisikia kwa Gauthier. Mwizi yule.

Alhamisi, 5 Juni

Leo tashihisi: kitu kisicho na uhai unakipa tabia za mtu. Mpango: kupitia kwa baba. Papa Kambale alikuwa anakunywa chai, akaniuliza habari za lori lake lililo kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa. Nikasimama, mkono kifuani. Nikasema lori limechoka kulala njiani, linakohoa, linatoa machozi, linamwita kwa jina. Nikangoja makofi.

Papa akaweka kikombe chini. Akauliza, "Iko inakohoa tangu lini?" Kabla sijafafanua, alishapakia mafundi wawili garini na kuondoka. Wivine alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani ni upendo.

Jumamosi, 7 Juni

Papa amerudi. Nilijificha nyuma ya magunia. Lori ni zima kabisa, ila alikuta Chomba, dereva, amekikodisha kitanda cha kabini kwa wabadili fedha, mwenyewe analala kwa shemeji yake! Papa akanitoa kwenye magunia, akanikumbatia mbele ya wote. "Emery, uko mutoto muzuri, unaonaka mbali."

Wivine alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema huenda kesho nikasikia jambo jema. Furaha tupu! Gauthier aliaga mapema.

Kisha Papa akaendelea. Chomba amesamehewa, kwa sharti awe na wa kumchunga. Na nani anafaa kuliko mtu anayesikia lori likikohoa akiwa Lubumbashi? Nasafiri jioni hii hii.

Jumapili, 8 Juni. Kasumbalesa

Vumbi. Malori mpaka macho yanachoka. Nimefika kwenye chuku: kutia chumvi mpaka msomaji ashtuke. Ndiyo silaha yangu! Simu yangu haina chaji, nikaazima ya Chomba, nikamwandikia Wivine kabla ya ibada: "Emery hayupo tena. Amekufa hapa Kasumbalesa chini ya lori la Papa. Neno lake la mwisho lilikuwa Wivine." Kazi safi. Chomba akavuka mpaka na simu yake.

Jioni amefika dereva mwingine kutoka Lubumbashi. Amesikia kwamba nyumbani kwa mama yangu wanafunga turubai na kupanga viti vya kilio. Papa Kambale ametoa gunia la sukari. Wivine analia, hakuna wa kumtuliza, na Gauthier ameombwa asome shairi la kumuaga marehemu. Dereva hakumbuki ni marehemu gani.

Masikini mama. Sijui nani katufia. Lakini Gauthier hanishindi katika kilio cha nyumbani kwetu! Nimeanza shairi langu la maombolezo. Chomba akirudi tu, nalituma kwa simu yake.