Joto la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 9 Juni
Baridi inapenya mpaka mifupani. Mama mkwe amefika akitokea kwa mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu. Amekuja na blanketi jipya, zawadi ya mwanyumba. Tangu asubuhi ni blanketi, blanketi. Lina joto. Haliwashi. Mwanyumba ana moyo wa dhahabu. Nimetabasamu mpaka mashavu yanauma.

Yeye katoa blanketi? Mimi nitatoa chumba kizima cha joto.

Jumanne, tarehe 10 Juni
Nimeziba. Matambara chini ya mlango. Magazeti kwenye nyufa za dirisha. Mto mkuukuu kwenye tundu la hewa juu ya ukuta. Mke wangu kauliza tundu limenikosea nini. Nikamjibu kuwa fundi alisahau kuliziba. Akasema fundi aliliacha makusudi, na tangu lini jiko la mkaa likakaa chumbani? Nikamweleza kitaalamu: kinachodhuru ni moshi. Nitawasha nje, mkaa ukikolea na moshi ukiisha ndipo niingize. Akanitazama kwa muda mrefu.

Wivu. Mama ni wake, na bado ananionea wivu!

Jumatano, tarehe 11 Juni
Naandika polepole. Mkono bado hauna nguvu.

Mke wangu alikwenda sokoni. Nikaingiza jiko, nikafunga mlango. Mama mkwe akanyoosha miguu, blanketi akaliweka kando. Kando! Akasema hapa ni peponi. Hakujua tulikuwa tumekaribia kiasi gani.

Baadaye akalalamika kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni uchovu wa safari. Kisha kikauma changu. Kichefuchefu. Nikataka kumletea maji, magoti yakakataa. La ajabu, sikuogopa. Usingizi ulikuwa mtamu, nami nikiwaza mwanyumba atasema nini akisikia. Kichwa cha mama mkwe kikaangukia kifuani.

Mvua ikamrudisha mke wangu mapema. Akapiga mlango kumbo, akamburuta mama yake hadi barazani, kisha akarudi kunivuta kwa kola. Mimi wa pili. Simlaumu.

Alhamisi, tarehe 12 Juni
Hospitalini tangu jana. Tumewekewa oksijeni. Daktari kasema mkaa unaowaka, hata usio na moshi, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hujaa mahali palipofungwa, ikamlegeza mtu, ikamlaza, ikamchukua. Jiko likae nje, tundu la hewa lisizibwe kamwe, na kichwa kikianza kuuma, toka kwanza, uliza baadaye. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua.

Mama mkwe alifumbua macho alasiri. Mpaka hapo nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, nikiutazama mkono wake mwembamba juu ya shuka. Nilikuwa na maneno kwa kila mtu duniani, ila sikuwa na neno hata moja la kumwambia mke wangu kama mkono ule usingetikisika. Nikamwomba mama mkwe radhi. Akasema, "Huna ubaya, mkwe wangu. Ila mapenzi yako yanataka dirisha."

Mke wangu akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yakitikisika. Sikujua ni kicheko au kilio. Nadhani vyote.

Jumamosi, tarehe 14 Juni
Tumerudi nyumbani. Mwanyumba kaja kutujulia hali. Nilijiandaa kwa kejeli. Alinishika mkono tu, machozi yakimlengalenga. Hakuna alichowahi kunifanyia kibaya zaidi.

Jumapili, tarehe 15 Juni
Umeme umekatika. Mama mkwe asikae gizani nami nipo! Nimeazima jenereta ya petroli kwa jirani kinyozi. Nje inanyesha, kwa hiyo nimeiweka sebuleni, nikafunga madirisha isirowe. Mke wangu anasema hewa yake ni ile ile. Nimemwambia atulie. Daktari alitaja mkaa, na humu hakuna hata punje ya mkaa.

Kafungua madirisha yote. Mama mkwe naye ameketi barazani juu ya galoni la petroli nililotaka kujazia jenereta, na anasema hanyanyuki mpaka umeme urudi.

Kuishi na watu wasioelimika ni kazi.