Nungunungu Wanahama: Nimeambiwa na Mtu wa Ndani

Jumatatu, 3 Novemba
Asubuhi nimepeleka mikate ya soseji kwenye uwanja wa chuo, kama kawaida. Nikachungulia kiwanja. Nembo ya Ligi ya Nyanda haipo! Pale ilipochorwa, majani matupu. Moyo paa! Chuo hakifuti nembo ya ligi yake bure. Tunahama! Na timu yetu, Nungunungu, itahamia wapi kama si Ligi ya Mito Mikuu, kwa vyuo vikubwa vinavyoonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima? Nimeandika kwenye ukurasa wangu wa mashabiki: tunahama, nimeambiwa na mtu wa ndani. Mtu wa ndani ni macho yangu mwenyewe, lakini macho hayana mvuto.

Jumanne, 4 Novemba
Ukurasa unawaka moto! Watu nisiowajua wananiita kaka mkubwa. Ila Dk. Orrin Tveit, daktari wa meno, ambaye ukurasa wake una mashabiki wengi kuliko wangu, ameandika eti mtu wangu wa ndani ni paka wangu. Watu wamecheka. Nikapandwa na hasira. Nikajibu kwamba mtu wangu anafanya kazi idara ya michezo, tena mimi ndiye niliyemshika siku ya ubatizo wake. Nimemkomesha.

Jumatano, 5 Novemba
Nimekomeshwa mimi. Mji mzima unajua nimesimamia ubatizo mmoja tu maishani, wa Marit, binti wa dada yangu Inga. Na Marit anafanya kazi wapi? Idara ya michezo. Mke wangu Bernadine aliyasoma maneno yangu huku anakaanga mayai. Akauliza kama niliandika nikiwa mzima. Nikamwambia hakuna atakayeng'amua. Akasema nimemwaga mtama kwenye kuku wengi, tena kuku wenyewe wana simu. Mayai yakaungua.

Alhamisi, 6 Novemba
Aibu. Marit amesimamishwa kazi. Mkurugenzi wa michezo anaamini yeye ndiye anayetoa siri za chuo, na uchunguzi ukimkuta na hatia, anafukuzwa. Amenipigia mwenyewe. Heri angefoka. Aliuliza tu, "Mjomba, mimi nilikuambia nini?" Nikasema hukuniambia kitu, mwanangu. Akasema basi nikamwambie mkurugenzi hivyo hivyo. Nikaahidi kwenda kesho asubuhi. Akaongeza kwamba bomba la maji lilipasuka, rangi ya nembo ikachafuka, ndipo wakaisugua yote waichore upya. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akakata simu.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimefika mpaka mlangoni kwa mkurugenzi. Nikarudi kwenye gari, nikapata njia nyingine, ya akili zaidi! Nikaandika ukurasani kwamba watu wamenielewa vibaya, nina mtoto mwingine wa ubatizo, yuko mji wa Fargo. Mara Mchungaji Solveig wa kanisa letu akajibu, mbele za watu wote, kwa upole wake ule ule. Anaomba jina la huyo mtoto wa Fargo, amwombee Jumapili. Nimezima simu. Naona haya hata kumtazama paka.

Jumamosi, 8 Novemba
Siku ya mechi. Watu wote wako maegeshoni wanachoma nyama nyuma ya magari yao. Dk. Tveit akanipigia kelele kutoka mbali, "Kaka mkubwa! Leo tumehamia ligi gani?" Vicheko! Hilo ningelimeza. Lakini Inga, dada yangu wa tumbo moja, alipita na bakuli lake la viazi vya jibini kama vile pale nilipo pamesimama nguzo. Nililiacha jiko langu linawaka. Nikamfuata mkurugenzi, alikuwa anapeana mikono na wafadhili, nikasema yote palepale. Hakuna mtu wa ndani. Niliona majani, nikatunga. Marit hana kosa. Mkurugenzi akasema Marit arudi kazini Jumatatu, na mikate watanunua kwingine. Nikageuka. Dk. Tveit yuko nyuma yangu, amesikia kila neno, anakula soseji yangu.

Jumatano, 12 Novemba
Inga amepiga. Marit alirudi kazini, akaandika barua ya kuacha siku hiyo hiyo. Anakwenda chuo kimoja huko Ohio, cha Ligi ya Mito Mikuu. Amesema hawezi kuishi katika mji ambao kila mtu anamjua kama mpwa wangu. Inga alilia. Mimi nililia kuliko yeye, nimeegemea sinki. Nimemharibia mtoto niliyemshika mwenyewe mbele ya madhabahu. Nimefuta ukurasa. Nimemwapia Bernadine: basi, tena basi.

Kisha nikakaa nikafikiri. Ligi ya Mito Mikuu inamchukua mtu wetu, katikati ya msimu? Binti anayeijua Nungunungu ndani nje? Wa kazi gani, kama hawajiandai kutupokea?

Nimefungua ukurasa mpya. Safari hii nimejihadhari, Marit sikumgusa kabisa. Nimesema tu habari nimeipata kwa dada yangu.